Kuku wa Ghalani Kwangu

Mimi darasa la pili sikulimaliza. Nasema mapema ili msomaji asihangaike kutafuta humu maneno makubwa. Lakini katika ile miaka ya hamsini, ukisimama sokoni Mbeya ukauliza mwenye lori la kijani ni nani, hata mama muuza vitumbua alikuwa ananyoosha kidole moja kwa moja kwenye ghala langu. Nilianza kwa kubeba maji kwenye machimbo ya dhahabu kule Lupa. Nikabeba mchanga, nikabeba magunia ya watu, mpaka siku nilipoanza kuwabebesha watu magunia yangu. Mpunga wa Rujewa nilikuwa nanunua mwenyewe, kwa macho na meno yangu. Nilitafuna punje moja, nikakwambia huu ulianikwa kwenye mawingu, na mwenye mpunga akainamisha kichwa. Hakuna aliyenifundisha.

Hilo ghala ndilo nataka kulieleza, maana humo ndani niliona jambo ambalo sikulisoma shuleni, wala kwa lori lile na utajiri ule nisingeweza kulinunua popote.

Mwisho wa masika ghala lilikuwa linabaki tupu. Mpunga wa mwaka uliopita umeshauzwa, mpya bado umesimama majini Usangu. Linabaki vumbi la pumba, mizani yangu kubwa ya kupimia magunia, na panya wachache walioshindwa kuhama. Jioni moja, mvua imetoka kukatika na mlima Loleza umevaa wingu mpaka kiunoni, akanijia mwalimu wa shule.

"Mzee, nasikia ghala lako limelala."

"Limelala, halijafa."

"Basi niazime jioni. Nina vijana nawafundisha mchezo wa kuigiza. Shuleni wanatufukuza kwa sababu ya kelele."

"Watavunja kitu?"

"Kitu gani, mzee, na ghala ni tupu?"

Huyu Mwalimu alikuwa Mhehe wa upande wa Kalenga. Alipigana Burma, na huko jeshini wakubwa waliona ulimi wake wakamtia kwenye kikundi cha askari waliokuwa wakiwachezea wenzao michezo kabla ya kwenda mapiganoni. Alirudi na koti zito la jeshi na filimbi shingoni. Nikamwambia sawa, ila wafagie. Mimi ni mtu wa kutoa, lakini si mtu wa kutoa na kufagia.

Jioni ya kwanza nilibaki kwa ajili ya kulinda mizani yangu. Nilikaa juu yake, kwenye ubao wa kuwekea magunia, mkono wake wa chuma ukagonga *ka!* kwa uzito wangu. Kuigiza nilikokujua mimi ni kule kwa misheni wakati wa Krismasi: watu wamejifunga mashuka, wanapiga kelele za maneno waliyokariri, na malaika anajikuna. Nikajua baada ya muda mfupi nitasinzia.

Sikusinzia.

Mwalimu aliwapanga katikati ya ghala. Hakuwapa neno hata moja. "Filimbi ya kwanza," akasema, "wewe si wewe. Filimbi ya pili, unarudi kwenu." Akapuliza. Akawaambia watembee kwenye tope la jaruba la mpunga. Nakwambia niliwaona wakichomoa miguu, mmoja mmoja, kwenye sakafu yangu ya saruji niliyoijenga mimi mwenyewe. Akawaambia sasa ni majivu ya moto. Wakaruka. Akawaambia sasa ni asubuhi ya mwezi wa saba, nyasi zina barafu, na huna viatu. Wakatembea kwa visigino, mabega yamepanda masikioni, na mimi niliyekaa nimevaa sweta nikajikunyata.

Kisha akawaambia wabebe gunia la mpunga lisilokuwepo.

Hapo nikakaza macho. Kwenye magunia mtu hanidanganyi. Kulikuwa na kijana mmoja aliyefanya kazi buchani, mnene, mcheshi, tutamwita mchinjaji. Aliinama, akalizunguka gunia lake la hewa, akalikumbatia, akalitia begani. Shingo ikatoka mishipa. Goti la kushoto likatetemeka kidogo, kama linavyotetemeka goti la kila mtu anayebeba kweli. Alipolitua, nilisikia linatua. Sijui alifanyaje.

Nikaondoka kwenye mizani. "Nipeni na mimi," nikasema. Mimi, niliyekuwa napanda ubao wa lori na gunia begani huku naimba! Nikainama mbele yao wote. Nikainuka. Nikasimama pale kama mtu aliyeingia chumbani akasahau alichofuata.

"Mzee," mchinjaji akasema kwa upole, "gunia limebaki chini."

Walicheka mpaka njiwa wakatoka darini. Na mimi nikacheka, maana ilikuwa kweli. Mgongo wangu ulizoea uzito wenyewe. Bila uzito ulikataa kazi. Tangu jioni ile niliwaheshimu wale vijana. Nikawa nafunga hesabu zangu mapema ili nije kukaa juu ya mizani.

Kikundi chote kilikuwa cha wanaume. Mwanamke akihitajika, mchinjaji alikuwa anajifunga kanga na kutia machungwa kifuani, na watu wanaanza kucheka kabla hajafungua mdomo. Lakini mle ghalani alikuwepo mwanamke mmoja. Alikuwa mke wa utingo wa lori langu, Mnyakyusa kama mimi, kutoka huko juu Tukuyu kwenye migomba. Wakati wa msimu alikuwa mmoja wa wanawake wanaonipepetea mchele. Ghala likiwa tupu alikuwa anafagia. Alikuwa mtu wa sauti ndogo. Ukimwita anaitika kwa macho. Kila jioni alibaki na ufagio wake pale mlangoni, na ufagio ulikuwa haufagii.

Mwalimu alimwona. "Dada, wewe unafagia sehemu moja tangu juzi. Weka huo ufagio uje."

"Mimi sijui, Mwalimu."

"Hata hawa hawajui. Njoo."

Utingo wangu alipopata habari alinifuata. Akaniambia, "Mzee, ghala ni lako na wewe upo pale. Kwa hiyo mimi sina neno." Unaona? Jina langu lilitosha.

Jioni ile Mwalimu aliwaambia kila mmoja alete mnyama asiyekuwepo. Karani mmoja wa posta, kijana mrefu kama mwanzi, akaleta mbwa, akamwangalia mpaka mbwa akakojoa kwenye nguzo. Mchinjaji akaleta ng'ombe, akakokotwa naye mpaka ukutani. Zamu ya huyu mama ikafika. Alisimama tu. Nikasema moyoni, aibu itamrudisha kwenye ufagio.

Akachuchumaa. Akafungua kiganja, akamwaga punje ambazo hazikuwemo, akaita kwa sauti ile ndogo, "Ku-ku-ku-ku." Macho yake yakaenda kwenye kona ya ghala, yakamwona kuku anakuja. Kuku alikuwa mwoga: anakuja, anasimama, anazunguka. Yeye hakumtazama sana, alijifanya ana shughuli nyingine, mkono uko palepale. Mara akamdaka! Mabawa yakapigapiga, akageuza uso, akayakunja akamtia kwapani. Akapuliza manyoya kifuani. Akampapasa kwa vidole kama ana yai.

Karani akauliza, "Dada, huyo kuku wa nani?"

"Wangu. Na wewe usimwangalie hivyo, jicho lako nalijua."

Wakapiga makofi. Na mimi, naomba unisadiki, niliangalia sakafu kama kuku amechafua.

Mchezo wenyewe aliutunga Mwalimu. Ni habari ya kijana aliyekwenda kwenye migodi ya kusini akanyamaza miaka mingi. Baba yake anasema amekufa, na anataka mkamwana arithiwe na mdogo wa marehemu. Mkamwana anakataa. Jambo hilo kila nyumba kwetu inalijua, maana vijana walikuwa wanaondoka kama siafu. Kilele chake ni pale mkamwana anaposimama mbele ya baba mkwe na kumwambia, "Mwanao hajafa. Sitoki kwenye mlango wake." Mwalimu alikuwa amealikwa kwao Iringa, kwenye sherehe ya kufungua ukumbi, na aliapa: "Safari hii sitaki watu wacheke machungwa. Nataka watu wakae kimya." Sehemu ya mkamwana akampa mpepetaji wangu. Ya baba mkwe akampa karani.

Karani alikuwa kijana mdogo, ndevu hana. Mwalimu hakumwambia achechemee wala ashike fimbo, kama nilivyotazamia. Alimwambia, "Ng'ombe uliowatoa kwa ajili ya mkamwana huyu, waweke mabegani. Mmoja mmoja. Kila mmoja ana jina lake, ulimlea. Sasa tembea nao." Akapuliza filimbi. Ule mwanzi ukaanza kupinda mbele ya macho yangu. Hakupinda mgongo kama wanavyofanya wanaoigiza wazee. Ulikuwa uzito unaomshukia. Taya likaingia ndani. Alipofika karibu na mahali palipokuwa nyumba ya mkamwana, akasimama, akakohoa.

Mpepetaji wangu alitupa kanga kichwani, akageuka, akatoka mbio nje ya ghala.

Tulidhani amepatwa na jambo. Tukamfuata. Tukamkuta amejibanza nyuma ya lori, uso ukutani.

"Umeumwa na nini?" Mwalimu akauliza.

"Baba mkwe amekohoa."

"Baba mkwe gani? Huyu si karani wa posta? Si unamwita kaka? Jana mmekula naye mhogo!"

"Alikuwa karani," akajibu bila kugeuka. "Alipokohoa hakuwa karani tena. Mwalimu, piga filimbi yule mzee aondoke ndipo nirudi."

Mchinjaji alianguka chini kwa kicheko. Karani mwenyewe alikuwa amesimama mlangoni amejishika koo, kama mtu aliyekuta ana kisu mkononi bila kujua. Mimi sikucheka sana. Kwetu Wanyakyusa mke wa mwanao hamwangalii baba mkwe, hapiti mbele yake, hakai naye chini ya paa moja. Ndiyo maana mzee mwenye adabu anakohoa njiani, ili mkamwana apate nafasi ya kuingia migombani. Wala si chuki. Ndiyo heshima yenyewe, na mtoto wa kike anaikuta katika miguu kabla hajaikuta kichwani. Kwa Mwalimu huko Uheheni mkamwana anapiga magoti na kusalimu. Alidhani na kwetu ni hivyo hivyo.

Jioni iliyofuata Mwalimu akamweleza mama kwamba huu ni mchezo tu, wakarudia. Karani akakohoa, mama akatoka mbio. Wakarudia tena. Alijishika kwenye nguzo kwa mikono miwili ili asikimbie, na ulimi ukakataa. Mwalimu akamwambia, "Mwone kama mti." Akamwona kama mti, na maneno yakatoka kama anasema na mti. Karani, kwa huruma, akaamua kuigiza vibaya. Akaacha ng'ombe wake wote, akasema kwa sauti yake ya dirishani. Mama akasimama wima, akasema maneno yote sawasawa, na maneno ya wote wawili yalikuwa makavu kama ya mtu anayenunua stempu.

Mwalimu akapuliza filimbi kwa hasira. "Sasa nimepoteza watu wawili! Dada, sikiliza. Jumamosi lori la mzee linaondoka kwenda Iringa. Alhamisi ndiyo jioni ya mwisho. Usiposimama ukasema na mzee huyu, mzee mwenyewe, siyo huyu muuza stempu, basi mchinjaji atavaa kanga."

Mchinjaji akajishika kifua kama machungwa yameshaota. Lakini hata yeye hakucheka.

Watu walipotawanyika alikuja kuchukua ufagio wake. Nikamwambia, "Mwanangu, usijali. Kupepeta nako ni kazi, na kwangu kazi haikosekani."

Akanijibu, na ilikuwa mara ya kwanza kuninyanyulia macho. "Baba, nyumbani sijawahi kusema neno mbele ya wanaume likafika. Naanza, linafia njiani. Humu ndani nikisema linafika mpaka kwenye ule ukuta, nasikia linarudi. Wakinitoa nitarudi kupepeta, ndiyo. Lakini nitakuwa najua."



Alhamisi ilinyesha mvua ya mwisho ya masika, bati likawa linapiga ngoma. Nilifika kabla yao wote, nikakaa juu ya mizani. Mchinjaji aliingia amejifunga kanga tayari, macho chini. Karani hakumtazama mtu. Mama alisimama katikati.

"Mwalimu, naomba mara moja tu," akasema. Kisha akamgeukia karani. "Na wewe kaka, usinihurumie. Walete ng'ombe wote. Kohoa."

Filimbi.

Karani akajitwika. Nilimwona anaongeza ng'ombe wengine ambao siku zote hakuwa nao. Nadhani alikuwa anamheshimu. Akaja polepole, akasimama, akakohoa. Kikohozi kile hata mimi kilinifanya niwaze marehemu baba yangu.

Miguu ya mama ikageuka. Ikaenda mlangoni, kama siku zote. Mchinjaji akaanza kunyoosha kanga yake. Lakini pale kizingitini alisimama. Mgongo uko kwetu, kanga iko kichwani. Kisha nikaona mkono wake unashuka, kiganja kinafunguka.

"Ku-ku-ku-ku."

Kuku akaja. Alikuja kwa kuzunguka, kama siku ile, mwoga vilevile. Mama akachuchumaa, akamdaka, akamtia kwapani. Hakugeuka. Akainamisha uso mpaka karibu na kichwa cha kuku.

"Kuku," akasema, "mwambie mwenye kaya kwamba mtoto wake hajafa."

Sauti ilikuwa ndogo ileile. Ila ilipita katikati ya mvua ikafika ukutani.

Karani alikwama. Maneno aliyopewa na Mwalimu hayakuwa na kuku. Kisha yule mzee wa mchezo, naye kwa adabu, akageuza uso pembeni, akamwangalia kuku kwa jicho la kando.

"Kuku, muulize huyo aliyekushika, ni nani aliyemwambia?"

"Mwambie, moto wangu haujazimika usiku hata mmoja. Moto wa mjane unazimika."

"Mwambie, moto hauleti mtu."

"Mwambie, hata ng'ombe hawaleti mtu."

"Kuku huyu nilimnunua mimi!" mzee akafoka, na ng'ombe wote wakatikisika mabegani.

"Mwambie, kweli alinunua. Lakini mayai unatagia kwangu."

Hapo kungekuwa na mtu wa kucheka angecheka, na kicheko kingekuwa halali. Hakucheka mtu. Mama akainuka, mgongo bado uko kwa mzee. Akamshusha kuku chini taratibu, akamsukuma kidogo kwa nyuma ya mkono aende kule alikokuwa mzee. "Nenda ukamwambie mwenyewe. Mimi sitoki kwenye mlango wa mwanawe." Akakaa kizingitini, akafunika magoti.

Mzee akamtazama kuku aliyefika miguuni pake. Akamtazama kwa muda mrefu. Na wale ng'ombe wakaanza kushuka, huyu, halafu yule, mpaka mabega yakabaki mabega ya mtu mzee mwenye mtoto asiyejulikana alipo.

Tulisubiri filimbi. Haikuja. Mwalimu alikuwa ameishika mdomoni na hapulizi. Nikagundua kwamba mizani yangu, inayogonga nikivuta pumzi tu, haikuwa imegonga tangu kuku aingie.

Mchinjaji ndiye aliyeanza kusogea. Alifungua kanga yake, akaikunja vizuri, akaenda kumpa. "Chukua, dada. Mimi mwili wote huu kumbe siwezi kumbeba kuku huyu."

"Mwalimu," karani akasema, sasa kwa sauti yake, "kuku anaingia kwenye mchezo?"

"Kuku ndiye mchezo," Mwalimu akasema. Na kwa sababu ni Mhehe na hapendi kushindwa waziwazi, akaongeza, "Nyinyi wala ndizi mna mambo."

Jumamosi tuliondoka alfajiri. Lori langu, petroli yangu, turubai jipya nililolinunua kwa ajili yao, maana sikutaka waigizaji wangu wafike Iringa wamelowa kama mbuzi wa mnada. Niliwaita waigizaji wangu njia nzima, na Mwalimu hakubisha. Tukavuka Igawa, tukapanda Makambako kwenye ule upepo unaokata masikio. Nyuma walikuwa wanafanya mazoezi ya kutembea juu ya barafu wakiwa wamekaa. Utingo wangu alining'inia nyuma, na kila tuliposimama alimwuliza mkewe, "Kuku amepanda?" na mkewe anajibu, "Yuko kwapani, endesheni."

Lakini tulipoona ukumbi, mzaha ukakwisha. Ulikuwa mkubwa kuliko ghala langu, na mimi ghala langu nilidhani ndilo jumba kubwa. Watu walikuwa wamejaa mpaka madirishani: makarani, walimu na wauguzi walioteremka kutoka Tosamaganga, wenye maduka wa Kihindi na wake zao kwenye viti, na mbele kabisa, chini kwenye mikeka, kina mama wa Kihehe waliokuja na shuka zao kukinga baridi.

Mama alinijia pembeni. "Baba, hawa watamwona?"

"Mwanangu," nikamwambia, "mimi nimefanya biashara na kila aina ya mjanja kutoka Chunya mpaka hapa. Hakuna aliyewahi kuniuzia kitu kisichokuwepo. Na mimi kuku wako namwona."

Akacheka kidogo. Akaenda.

Nilisimama nyuma karibu na mlango, na utingo pembeni yangu anatafuna kofia yake. Mwanzo ulikwenda vizuri. Mchinjaji aliigiza ndugu wa kijana, watu wakacheka pale palipopasa. Kisha mzee akaingia na ng'ombe wake, akakohoa. Mkamwana akakimbilia kizingitini, akasimama, akageuza mgongo kwa watu wote wakubwa wa mji ule. Mnong'ono ukapita ukumbini. Kijana mmoja dirishani akasema kwa sauti, "Amesahau maneno!" Wenzake wakacheka. Moyo wangu ukaanguka kama gunia, gunia la kweli.

"Ku-ku-ku-ku."

Kicheko kikapungua. Akamdaka. Kikakoma. Wakasemezana kwa kuku, yeye huku, mzee kule, na sauti yake ndogo nikaisikia mimi niliyesimama mlangoni, neno kwa neno, kama anasema na mimi peke yangu. Utingo alikuwa ameacha kutafuna kofia.

Kisha akamshusha. Sijui kama ni ukubwa wa jukwaa au ni mkono wake ulioamua hivyo, kuku hakwenda moja kwa moja kwa mzee. Macho ya mama yalimfuata akienda ukingoni mwa jukwaa, akisita, halafu akiruka chini kwenye mikeka. Mzee naye akamfuata kwa macho, anamsubiri. Ukumbi wote ulikuwa unasubiri.

Pale mbele bibi mmoja wa Kihehe, mtu mzima wa mvi, akavuta miguu yake. Akakusanya shuka lake ili kuku apite. Akapunga mkono chini, kidogo tu.

"Shi!"

"Mwache," jirani yake akamwambia. "Ni wa watu."